Jiwe la Ozella Mapp

Verdell Mapp alipomwona kaka yake Lemuel akivuka barabara ya Market na mwavuli mweusi mkononi, amevaa koti lake la mazishi wakati mazishi yenyewe ni Jumatatu, alijua matembezi yake ya leo na watalii yametumbukia nyongo.

"Nimekuja kutalii," Lemuel alisema kwa sauti ambayo hata njiwa waliokuwa juu ya paa waliisikia. "Hairuhusiwi? Nimezaliwa Philadelphia, nimegawa barua mitaa hii mpaka nikastaafu, na sijawahi hata mara moja kumsikia dada yangu akiwafundisha wageni mambo ya mji wetu."

"Lem, si leo. Tafadhali."

"Simu hupokei. Mlango hufungui. Basi nimekuja unakopatikana."

Wageni walitazamana. Kundi la leo lilikuwa dogo, maana Novemba na manyunyu yake hufukuza watu: mke na mume, walimu wastaafu kutoka Ohio, wasichana wawili wa chuo, na bwana mmoja Mfaransa jina lake Delmotte, ambaye alikwisha kumwambia kila mtu kwamba bibi yake alizaliwa Saint-Quentin, mji ule ule alikozaliwa Anthony Benezet, yule mwalimu wa zama za utumwa ambaye matembezi haya hufuata nyayo zake. Verdell akajilazimisha kutabasamu. "Huyu ni kaka yangu," akasema. "Atatembea nasi. Ana mdomo, lakini hang'ati."

Mama yao, Ozella, alikuwa amefariki Jumanne. Mpaka asubuhi hii hakuna aliyejua atazikwa wapi, na aibu hiyo ilikuwa imeenea kanisa zima. Lemuel alitaka azikwe makaburi ya Eden, ubavuni mwa baba yao, juu yake jiwe la matale lenye jina lake. Verdell alikwishaacha zamani kanisa la Wamethodisti walilolelewa, akajiunga na Marafiki, wale ambao watu wengine huwaita Wakweka. Yeye alitaka mama alazwe kwenye uwanja wa Marafiki nje ya mji, chini ya nyasi, bila jiwe, kama walivyolazwa Marafiki wa kale. Alidai mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Bwana wa ofisi ya Eden alikuwa ameshachoka na familia hii. Aliwataka wote wawili, kwa kauli moja, wampe jibu kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa wachimba kaburi wake Jumamosi hawakai zaidi ya hapo.

Kwa hiyo Verdell alikuwa na asubuhi hii tu ya kutimiza neno la mama yake, na kaka yake alikuwa na asubuhi hii tu ya kulizuia.

Walianzia pale Front na Market, kwenye kona ambayo mtu hupita bila hata kugeuza shingo. Verdell aliwaambia hapa palikuwa na mkahawa, na mbele ya mkahawa watu weusi walisimamishwa wakauzwa utumwani, huku wanunuzi wakinywa kahawa yao taratibu. Aliwaeleza jinsi ukoo wa Benezet ulivyokimbia Ufaransa kwa sababu ya dini, jinsi kijana Anthony alivyofika mji huu, akajiunga na Marafiki, akashindwa biashara, akawa mwalimu. Na jinsi alivyoanza, baada ya kazi za mchana, kuwakusanya watoto weusi nyumbani kwake jioni na kuwafundisha kusoma, kisha akawatangazia wakubwa wa mji kwamba hakuona akili yao imepungua kitu mbele ya watoto wengine.

"Alihitaji kutangaza hilo?" mmoja wa wale wasichana aliuliza.

"Alihitaji. Na wengi walimcheka."

Lemuel alitembea nyuma ya wote, akisikiliza kwa makini, na hilo lilimtisha Verdell kuliko kelele zake.

Kelele zilikuja mtaa wa Chestnut, mahali nyumba ya Benezet iliposimama na ambapo leo hakuna hata tofali lake. Hapa Verdell huwachekesha wageni na kile kisa kinachosimuliwa, kwamba Benezet alikuwa akiwalisha panya uani kwake, na alipoulizwa akasema akiwalisha hawatamwibia.

"Panya!" Lemuel alisema. "Mtu wa huruma kweli. Hebu tuambie, mwongoza watalii, huyu rafiki wa panya amezikwa wapi?"

"Tutafika."

"Kaburi lake lina jina?"

"Lem."

"Nauliza kama mtalii. Bwana Delmotte, na wewe si unataka kujua?"

Delmotte alimwangalia Verdell, akajishughulisha na vifungo vya koti lake. Alikuwa mtu wa adabu, maskini.

"Halina," Verdell alisema. "Marafiki wa siku hizo hawakuweka mawe. Tajiri na maskini walilazwa sawa, ili asiwepo wa kujiinua juu ya mwenzake hata akiwa amekufa. Naona ni jambo zuri."

"Zuri kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye vitabu," Lemuel alisema, na yule mwalimu wa Ohio akaguna kwa namna ya kukubali, halafu mkewe akamfinya.

Walipokuwa wakielekea kusini, Verdell aliacha wageni watangulie, akamshika kaka yake mkono wa koti. "Unataka nini? Unataka nilie mbele ya watu? Nitalia. Halafu?"

"Nataka unisikilize." Lemuel aliinamisha mwavuli umfunike dada yake, ingawa alikuwa amekasirika naye. Mazoea ya zamani hayo. "Babu yake babu yetu, kule Virginia, amelala wapi? Hujui. Mimi sijui. Hakuna anayejua. Watu wetu walifukiwa bila jina kwa kulazimishwa, Dell, vizazi na vizazi. Leo wewe, binti msomi, unakwenda kumfukia Mama bila jina kwa hiari yako, na unaita unyenyekevu!"

"Si hiari yangu. Ni yake. Alisema."

"Mama? Mama yupi? Mama aliyekuwa akiandika jina lake chini ya kila sahani ya pai?"

Ni kweli. Kila msiba kanisani mwao, wakati wa chakula cha baada ya mazishi, kina mama hupeleka vyombo vyao, makaroni, kuku, pai za viazi vitamu, na kila mwenye akili hubandika kipande cha utepe wenye jina lake chini ya chombo ili kirudi nyumbani. Ozella alibandika utepe kwenye sahani, kwenye vifuniko, kwenye miiko, hata kwenye viti vya kukunja. O. MAPP, kwa herufi kubwa. Hakuwahi kupoteza kijiko.

"Watu hubadilika," Verdell alisema mwishowe.

"Mama alibadilika lini? Alipoanza kuja kukaa na nyinyi kwenye ule mkutano wenu wa kimya? Mmekaa pale kama watu wanaongoja basi ambalo njia yake ilishafutwa. Alikuja kwa sababu macho yalimpungua, akashindwa kuendesha gari, na wewe hukutaka kumpeleka kanisani kwetu. Hakuja kwa ajili ya huo mwanga wa Mungu mnaoungoja."

Lilimchoma, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli.

Uchochoroni Willings, ambako Marafiki walijenga ile shule ya watoto weusi baada ya Benezet kuwasumbua bila kuchoka, Verdell alijikuta akitafuta kwa macho kiti cha kukunja. Ozella alikuwa haachi matembezi haya. Mvua, joto, alikuja, na kiti chake na mkoba wake wa peremende, akikaa pembeni na kuwagawia wageni kama vile wote ni wajukuu zake. Verdell alikuwa akifikiri mama anakuja kumwonea fahari. Hilo lilikuwa limemfuta machozi mengi ya zamani, maana Ozella hakuwa mama wa kusifu mtoto mbele yake.

Aliwaambia wageni habari za shule. Aliwaambia mzee Benezet alivyorudi darasani uzeeni mwake, afya imemwisha, kwa sababu hakupatikana mwalimu mwingine aliyemridhisha. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka vizuri, ikipanda na kushuka panapotakiwa, na akaichukia.

Walirudi kaskazini kwa mtaa wa Nne mpaka mtaa wa Arch, wakaingia lango la ukuta wa matofali. Nyumba ya mkutano ya Marafiki ilikuwa imetulia chini ya mvua, na mbele yake na ubavuni mwake zilikuwepo nyasi tu, na miti iliyokwisha kupukutika. Wageni siku zote huuliza makaburi yako wapi. Verdell huwaambia wameyakanyaga.

"Yuko hapa," Verdell alisema. "Mahali gani hasa, hakuna anayejua. Alipozikwa, watu weusi kwa mamia walifuata jeneza lake."

"Na wao wenyewe?" Lemuel aliuliza. Safari hii hakupaza sauti. "Hao mamia. Walipokufa walilazwa hapa, karibu naye?"

Verdell alijua jibu na alikuwa hapendi kulisema. "Wengi walipelekwa kiwanja cha kuzikia wageni na mafukara. Siku hizi ni bustani. Watu hupeleka mbwa."

Wale wasichana waliacha kupiga picha. Verdell akawaomba wote wazunguke kidogo wenyewe, waone nyumba, kisha wakutane mlangoni. Saa yake ilimwambia muda umebaki kidogo sana. Lemuel akasimama mbele yake.

"Basi niambie alichosema. Maneno yenyewe. Sitaki ulivyoyaelewa wewe, nataka yalivyotoka kinywani mwake."

Verdell alivuta pumzi. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu kwa Marafiki linalosemwa mkutanoni huachwa lilipoangukia. Watu hukaa kimya, na yule anayesukumwa na moyo husimama, husema, hukaa. Hakuna anayemjibu. Hakuna anayemvuta pembeni baadaye na kumwuliza ulikuwa na maana gani. Neno limetoka kwa Mungu, na kulichokonoa ni utovu wa heshima.

"Miaka yote aliyokaa nasi alisimama mara moja tu," alisema. "Mwaka juzi. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, 'Sitaki jiwe mimi. Mimi nitawekewaje jiwe?' Basi. Akakaa."

"Halafu?"

"Halafu tukanyamaza."

"Hakuna aliyemwuliza?"

"Kwetu haulizwi mtu."

"Na wewe? Kwenye gari? Nyumbani, mkila?"

"Nilimshika mkono. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni Roho."

"Unaishi na mama yako nyumba moja, anasimama mbele za watu anasema nitawekewaje jiwe, anatetemeka, na wewe humwulizi, 'Mama, kuna nini?' Miaka miwili na zaidi, Dell! Mnaogopa kusema hata na..." Lemuel alijikatiza. Uso wake ulibadilika taratibu. "Ilikuwa mwezi gani?"

"Machi. Theluji ilikuwa bado barazani. Kwa nini?"

Lemuel alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na benchi, limelowa chapachapa, akalikalia na koti lake zuri.

"Machi," alisema. "Ee Mungu. Dovie."

"Dovie ni nani?"

Lemuel alikunja mwavuli, ingawa mvua haikuwa imeacha, akauweka magotini.

"Ni dada yako. Alikutangulia wewe. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, Mama ana tumbo kubwa, akaniambia mimi nitachagua jina. Pale kona yetu palikuwa na mama mmoja akiuza barafu ya matunda, Miss Dovie, alikuwa akiniongezea. Nikasema Dovie. Mama alicheka mpaka akajishika kiuno, akasema haya, Dovie." Aliufuta uso kwa kiganja. "Alikwenda hospitali, akarudi mikono mitupu. Mtoto hakufikisha hata siku. Mama yu hoi kitandani, watu wa hospitali wakamwambia Baba msijali, mazishi tutashughulikia sisi. Na hali ilikuwa ngumu, Baba akasema sawa. Mama alipopata nguvu ya kuuliza mtoto wake yuko wapi, akaambiwa yuko uwanja wa jiji wa kuzikia maskini, pamoja na wengine. Wapi hasa, hawajui."

"Lem..."

"Alinichukua tukaenda. Machi, baridi, tope. Alitembea uwanja mzima akiangalia chini. Hakukuwa na kitu, Dell. Nyasi tu." Alionyesha mbele yao. "Kama hizi."

Verdell aliangalia zile nyasi. Alikuwa amewaonyesha watu nyasi hizi kwa miaka, akizisifu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba alikuwa akilia akitajwa, basi Mama akasema tusimtaje. Wewe ulipozaliwa akaniapisha. Alisema hataki ukue ukidhani umeletwa kujaza nafasi ya mtu. Nikanyamaza. Na mimi pia nimenyamaza, unaona? Nakucheka wewe na Marafiki zako, na mimi nimenyamaza tangu utotoni."

Sasa Verdell aliyakumbuka mambo jinsi yalivyokuwa, na kila moja lilimwangukia kwa uzito wake. Hapa hapa, karibu na benchi hili, ndipo Ozella alipokuwa akifungua kiti chake. Uchochoroni alisinzia, Chestnut aligawa peremende, lakini hapa aliketi wima na kutazama mbele. Maana ni hapa Verdell alipozoea kusema, kwa sentensi moja ya kupitia tu, kwamba Benezet na mkewe walizaa watoto wawili, wote wakafa wachanga, nao pia wamo humu bila alama. Na kila Jumamosi Ozella aliuliza swali lile lile, mbele ya wageni: "Waliitwa nani, hao watoto?"

Na kila Jumamosi binti yake alimjibu kwa tabasamu la mwalimu aliyekatizwa. "Vitabuni yamo, Mama. Lakini kwa Marafiki majina hayakuwa jambo kubwa."

Aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliumia kiasi cha kushika mgongo wa benchi kwa mikono miwili, na aliposhika akaona ameshika kama mama yake alivyoshika siku ile. Mama hakuwa amekataa jiwe. Mama alikuwa akiuliza. Nitawekewaje jiwe mimi, na mwanangu hana? Aliuliza mbele ya watu wema waliojaa chumba, na wote, kwa heshima kubwa, wakamnyamazia.

Wageni walikuwa wamekusanyika mlangoni, wanajifanya wanasoma bango. Verdell aliwaendea. Lemuel akamfuata, maji yakimchuruzika kwenye pindo la koti.

"Kuna jambo huwa nalipita mbio," Verdell aliwaambia. Sauti ile nzuri ilikuwa imekwisha. Aliyobaki nayo ilikuwa ya kawaida, yenye kukwaruza. "Benezet alikuwa na watoto wawili. Walikufa wadogo sana. Wako hapa mahali fulani. Mama yangu alikuwa akiniuliza majina yao kila wiki na sikuwahi kumjibu, kwa sababu sikuwa nimejisumbua kuyashika. Leo nimeaibika kwa hilo. Sina zaidi ya kuwaambia. Asanteni kwa kuja."

Hakuna aliyepiga makofi. Delmotte alivua kofia yake mvuani, akawapa mkono wote wawili, dada na kaka, akaondoka bila kusema chochote kuhusu Saint-Quentin.

Simu ikalia kabla hawajafika langoni. Ofisi ya Eden. Verdell akaipokea.

"Bibi Mapp, watu wangu wamekwisha kuvaa makoti ya kuondokea," yule bwana alisema. "Tunachimba au hatuchimbi?"

"Chimbeni. Karibu na baba yetu."

Lemuel alifumba macho. Verdell alijua anachokiacha: siku yake ikifika, atalala peke yake chini ya nyasi za Marafiki, mbali na watu wake. Hilo angelifikiria siku nyingine.

"Vizuri. Na jiwe? Kaka yako aliulizia jiwe. Niandike Ozella Mapp?"

"Majina ni mawili."

"Mawili? Wanazikwa wawili?"

"Anazikwa mmoja. Mwingine hatujui aliko. Lakini majina ni mawili."

Yule bwana alikohoa kidogo. Inaelekea kazi yake ilikuwa imemfundisha kutouliza sana, na safari hii Verdell alitamani angeuliza. "Basi nitajie," akasema. "Linaloanza juu kwanza."

Verdell alimpa kaka yake simu.

Lemuel aliishika sikioni. Mtu huyu aliyeanza asubuhi kwa kuwashtua njiwa alifungua kinywa na sauti isitoke. Alijaribu tena. Kwenye simu yule bwana aliita, halo, halo, kisha naye akatulia. Verdell alisimama ubavuni mwa kaka yake na kumngoja, kama alivyozoea kungoja kwenye chumba cha mkutano kwa miaka, ila sasa mkono wake ulikuwa mgongoni kwake, unamsukuma kidogo.

"Sema, Lem," alimnong'oneza. "Sema usikike."

"Dovie," Lemuel alisema. "Andika Dovie. Halafu Mama."